Glasi ya Sita ya Bwana Anselmo

Kwanza wekeni chini hiyo waya ya kusugulia. Jana baada ya harusi niliwaona nyuma ya kanisa mkiosha vyombo, glasi zimerundikwa karai moja na sufuria za pilau, mnacheka, mnasugua, na kila zikigongana mimi nafumba macho. Mkasema, Dani amezeeka, anaumwa kichwa. Sikuumwa kichwa. Niliumwa na kazi yangu.

Ninyi vijana wa kanisani mnaniita Dani, yaani bibi, na mnadhani nilizaliwa hivi, na fimbo na maneno mengi. Hapana. Mimi nilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa glasi. Si hizi mnazopewa na soda. Glasi za kale, za Waingereza na Wafaransa, zilizopulizwa kwa mdomo wa mtu kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Kazi hiyo niliifanya hapa hapa Homa Bay, miaka ile baada ya uhuru. Msitazamane hivyo. Sijachanganyikiwa.

Mwenye glasi alikuwa Mgoa, mtu wa Goa kule India, Bwana Anselmo, karani wa gati wakati meli zilikuwa bado zinakuja. Mtu mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kuigusa. Wazungu walikuwa wanaondoka, migodi ya dhahabu kule Migori inafungwa, na kila anayeondoka anauza vitu vyake. Watu walinunua vitanda, redio, baiskeli. Bwana Anselmo alipita katikati ya hao wote akauliza, "Hakuna glasi?" Walimwona mwenda wazimu. Hata mimi nilimwona hivyo.

Mimi ni mtu wa Migori. Niliolewa, sikupata mtoto, na mume wangu akanirudisha kwa kaka yangu. Nawaambia wazi kwa sababu mtu yeyote wa umri wangu angewaambia hata nikinyamaza. Kaka hakuwa mbaya, wala wake zake. Walinipa chakula na mahali pa kulala. Lakini nilikuwa mtu wa ziada pale, na mtu wa ziada anajua tu, hata akichekewa. Mama mmoja wa kanisa letu la Sabato akaniambia kuna Mgoa Homa Bay anatafuta mtu wa kuosha vyombo, mikono yake isitetemeke. Nikaangalia mikono yangu. Haikutetemeka. Nikaenda.

Siku ya kwanza akanipa chupa kubwa ya mvinyo, ya Kiingereza, ina kizibo cha kioo, akasema, "Osha hii, Dorka." Nikafanya alivyonifundisha mama yangu. Nikaibeba mpaka ziwani, nikakaa juu ya jiwe pamoja na wanawake wengine, nikachukua mchanga na kuisugua kama sufuria ya ugali. Niliisugua kwa bidii, jamani. Nilitaka aone amepata mfanyakazi. Nikamrudishia ikiwa nyeupe kama macho ya kipofu.

Bwana Anselmo akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akaigeuza tena. Nikaanza kufunga nguo zangu. Akaniuliza, "Unaenda wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema, "Sasa nani ataosha zingine?" Chupa ile akairudisha kwenye rafu, mbele kabisa, na haikutoka hapo miaka yote. Kila mgeni akiuliza, alikuwa anasema ndiyo chupa pekee ya Kiingereza duniani iliyosafishwa kwa mchanga wa Ziwa Victoria. Mimi niko jikoni nasikia, nakasirika, nacheka.

Basi nisikilizeni, maana nilivyofundishwa ndivyo nitakavyowafundisha. Glasi huoshwa moja moja. Chini ya karai unatandika kitambaa, ili ikiteleza iangukie kitu laini. Maji yawe vuguvugu, na yawe ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa. Maji ya ziwa yakikauka huacha ukungu, na ukungu ule ukishakaa utautoa kwa ndimu na uvumilivu. Vua pete. Mimi sikuwa na pete ya kuvua, kwa hiyo hapo nilikuwa na nafuu. Ndani ya chupa yenye shingo nyembamba mkono hauingii, basi tia punje za mchele mkavu na maji kidogo, uizungushe polepole. Kizibo kikikwama usikigonge. Tia tone la mafuta pembeni, iache juani kidogo, uende ukafanye mengine. Kitatoka chenyewe kikitaka.

Na kuitambua ya kale? Geuza, tazama chini. Glasi iliyopulizwa kwa mkono ilikatwa kutoka kwenye fimbo ya chuma, na pale ilipokatiwa panabaki kovu. Bwana Anselmo alikuwa na neno refu la Kizungu, mimi nikapaita kitovu, na mwisho hata yeye akawa anasema kitovu. Halafu papasa ukingo wa mguu. Kitu kilichosimama mezani miaka mia kina mikwaruzo midogo midogo, mingi, haina mpango. Mikwaruzo ikiwa imepangwa, kuna mtu alikaa akaifanya ili akuuzie. Mwisho unaipiga kwa ukucha, taratibu, na kusikiliza. Ya kawaida inasema tk, imenyamaza. Ya kristali inalia, na mlio unachukua muda kwisha. Nilikuwa nakaa jikoni peke yangu nazigonga moja moja. Ilikuwa kama kuwa na watu ndani ya nyumba.

Kanisani walinisema. Mzee wa kanisa akaja mpaka mlangoni kuniuliza inakuwaje Msabato anaosha vyombo vya pombe. Nikamwambia, "Mzee, vyombo hivi havijaona pombe tangu zamani za wakoloni, na kila Ijumaa navibatiza kwa maji mengi." Alijaribu kukunja uso, akashindwa. Lakini wanawake hawakucheka. Mwanamke aliyerudishwa, anaishi chumba cha nyuma kwa Mgoa asiye na mke, hakuna aliyekuja kunitembelea. Na sikuwahi kumkosea mtu heshima katika nyumba ile, wala yeye hakunikosea.

Baadaye akaanza kunituma. Nilizunguka Migori yote, nikafika mpaka Kehancha, na kikapu cha nyasi kavu na pamba. Siri ya kazi ilikuwa hii: ukitafuta glasi isiyo na kazi, beba glasi yenye kazi. Nilibeba chemni za taa, zile glasi za kuzuia upepo, na chupa pana za vifuniko. Mtu hatoi kitu chake kwa maneno. Kehancha nilikuta kisahani cha Kiingereza cha peremende, kina miguu, kuku wananywea maji. Mama mwenye kuku nikampa chupa mbili za vifuniko na bakuli la bati. Nilipomwambia kile kisahani ni cha kale sana na kuna watu ng'ambo wanakitafuta, akasema kuku wake watasikitika. Bwana Anselmo alinikataza kabisa kuchukua kitu kabla sijamwambia mwenyewe ni nini. Wengi wakisikia walicheka tu. Wengine walikataa, na nikaondoka mikono mitupu, si vibaya.

Sasa niwaambie ya zile sita.

Kulikuwa na mke wa injinia mmoja wa mgodini Migori. Siku ya kuondoka aliuza glasi tano za Kifaransa, ndogo, nyembamba mpaka unaogopa kupumua karibu nazo, kila moja imechorwa ukanda wa majani ya mzabibu. Akasema zilikuwa sita, moja ilipotea, hajui ilikokwenda. Bwana Anselmo akazipanga kwenye rafu ya juu na katikati akaacha pengo la glasi moja. Nikasogeza ili zikae vizuri. Akarudisha pengo. Nikasogeza tena. Akaniambia, "Dorka, acha hapo. Kuna mtu anakuja."

Dada yake alikuwa Goa, na kila akituma habari ni ile ile: rudi nyumbani, Wagoa wote wanaondoka, wewe umebaki na nani? Na ilikuwa kweli. Zamani kila Jumapili baada ya misa walijaa kwenye baraza yake na gitaa. Mmoja akaenda, wawili wakaenda, mpaka akabaki anakaa pale na viti vyote. Watu wa gatini wakimuuliza ataondoka lini alikuwa na jibu moja. "Nikipata ya sita nafunga sanduku." Hangesafiri na seti yenye pengo. Alikuwa karani.

Kwa hiyo mnaelewa nilipokuwa. Kazi yangu ilikuwa kuitafuta glasi ile, na siku nitakayoipata ndiyo siku nitakayorudi kuwa mtu wa ziada.

Na kuna jambo jingine lazima mlijue. Mimi Jumamosi sikugusa kazi, ni Sabato. Yeye Jumapili hakugusa kazi, hakununua wala kuuza, alimwahidi mama yake hivyo akiwa mdogo. Basi Jumamosi yeye alikuwa gatini na mimi nimekaa peke yangu. Jumapili yeye kakaa peke yake kwenye baraza na mimi niko nyuma nafua. Miaka mingi tuliishi uwanja mmoja na hatukuwahi kupumzika siku moja.

Jumamosi moja mchana nimetoka kanisani, mtu akabisha hodi. Mzee Okoth, mwenyeji wa Mfangano, aliyekuwa mpishi wa yule injinia. Kazi imeisha mgodini, anarudi kwao, na njiani amesikia kuna Mgoa anabadilisha glasi kuukuu kwa chemni. Chemni ya taa yake ilikuwa imepasuka. Akafungua kitambaa. Sikuhitaji kuigonga. Niliona majani ya mzabibu.

"Bwana alinipa mwenyewe," akasema. "Alisema nimempikia vizuri. Bibi hakujua."

Nikamwambia, "Mzee, leo ni Sabato. Siwezi kufanya biashara. Njoo kesho."

Akanitazama. "Ni chemni tu, nyathina, mwanangu."

"Hata chemni. Njoo kesho."

Akalala kwa jamaa zake, akaja kesho. Bwana Anselmo alikuwa ametoka misa, yuko barazani na koti lake. Mzee Okoth akafungua kitambaa tena. Nilikuwa kwenye kamba ya nguo na nikamwona Bwana Anselmo akishika mkono wa kiti.  Halafu akasema, polepole kabisa, "Mzee, leo ni Jumapili. Njoo kesho."

Mzee Okoth akamtazama yeye, akanitazama mimi na shuka lililolowa mkononi. "Jana mama huyu aliniambia kesho. Leo wewe unaniambia kesho. Nyumba hii inafunguliwa siku gani?" Akafunga kitambaa chake. "Boti yangu inaondoka sasa hivi. Kaeni na Mungu wenu, wote wawili."

Akateremka kwenda ufukweni. Sisi tukabaki tunamtazama. Hakuna aliyemwita. Kisha Bwana Anselmo akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, akacheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka na shuka langu. Tulikuwa tumeitafuta miaka, ikaja yenyewe mlangoni mara mbili, na kila mmoja wetu akaifukuza kwa dini yake.

Jumatatu akaniambia, "Dorka, utaenda Mfangano. Mimi nina meli ya kupokea gatini." Akachagua chemni mwenyewe, nzuri kuliko zote, akaongeza utambi na chupa ya vifuniko.

Nikapanda boti ya wachuuzi wa samaki. Ziwa lilikuwa tulivu na mimi nililichukia kwa kuwa tulivu. Nilitaka injini izime. Nilitaka nifike niambiwe imevunjika, nirudi na habari mbaya niitoe kwa uso wa huzuni. Nilimpenda yule mtu? Mtauliza, nawajua. Sijui neno lake. Najua kwamba alikuwa mtu pekee duniani aliyeniuliza asubuhi kama nimelala vizuri na kungoja jibu.

Nikamkuta Mzee Okoth nyumbani kwake. Mke wake alikuwa ameshapata kazi ya kuipa ile glasi, anapimia simsim majirani. Nikamwambia mzee kama nilivyofundishwa: ni ya Ufaransa, ni ya kale, kuna watu wangeivukia bahari.

"Wanainywea?"

"Hawainywei. Wanaitazama."

"Basi waitazame. Mimi nataka kuona uji wangu jioni." Akashika chemni, akaipulizia vumbi. Mkewe akamwaga simsim kwenye ungo. Mzee akaniuliza, "Sasa Mgoa atafurahi?"

"Atafurahi. Atafunga sanduku aende kwao."

"Na wewe?"

"Mimi nitabaki."

Akanitazama vile wapishi wanavyotazama chungu. "Nyar Migori, binti wa Migori, ungeniachia glasi yangu. Chemni ningepata kwingine."

"Ni yake, mzee," nikamwambia. "Haiwezi kukosa kwenda kwake eti kwa sababu mimi naogopa."

Niliirudisha ndani ya pamba, ndani ya nyasi, kikapu mapajani njia yote. Bwana Anselmo aliipokea kwa mikono miwili. Akaiosha mwenyewe, akaikausha mwenyewe, akaiweka penye pengo. Kisha akazigonga zote kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Zilizopulizwa kwa mdomo hazilii sawa, kila moja ina sauti yake, lakini unasikia ni ndugu. Ile ya sita ilikuwa ndugu. Akasema, "Asante, Dorka." Nikaenda chumbani kwangu nikalia, na niliporudi kupika nilisema ni kitunguu, na siku hiyo hatukula kitunguu.

Wiki ile nikakusanya nyasi kavu. Hakuniambia nikusanye, lakini najua kazi yangu. Ijumaa nikaziosha zote sita. Sabato nikakaa. Jumapili niko nyuma nafua, akaniita barazani. Nikajua ndiyo hiyo. Nikafuta mikono nikaenda.

Palikuwa na viti viwili, na kati yao kigoda, na juu ya kigoda kikombe chake na ile glasi ya Kifaransa, ina maji ya mtungi.

"Kaa," akasema. "Hiyo ni yako. Ya kunywea."

"Bwana, nafua. Leo si Sabato yangu."

"Ni yangu. Wewe unafanya kazi kwangu, basi leo unapumzika."

Nikakaa pembeni ya kiti. Nikaogopa kuishika, mimi niliyeishika mara ngapi. Nikauliza, "Na safari?"

Akaelekeza kidole ndani ya nyumba, kwenye rafu. Glasi tano, na pengo. "Siwezi kusafiri na seti yenye pengo," akasema, na akanywa chai yake.

Jumamosi iliyofuata akamwachia mwenzake zamu ya gatini akakaa barazani na mimi. Tangu hapo nyumba ile ikawa inafungwa siku mbili. Hatukuongea mengi. Tulitazama ziwa, yeye na kikombe, mimi na glasi. Watu walisema waliyosema.

Alikaa mpaka miguu ikamkataa, na mpwa wake akaja kumchukua. Nilizifunga mimi, hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Zile tano nikaziweka kwenye sanduku lenye vyumba sita, na chumba cha sita nikakijaza nyasi. Mpwa akauliza ya sita iko wapi. Bwana Anselmo akasema, "Iko inatumika." Wakati wa kuniaga alinipa mkono, akaushika, akautazama aone kama haujaanza kutetemeka. Sijui kama alifika salama. Sijui kama bado yuko hai, na kwa hesabu ya umri hawezi kuwa hai, lakini hakuna aliyekuja kuniambia.

Ndiyo hiyo kwenye dirisha langu ambayo mmekatazwa kugusa. Sasa mtaigusa, moja moja, na karai litandikwe kitambaa.

Majuzi mchungaji wetu, kijana mzuri tu, aliniuliza kwa adabu kwa nini Jumapili wakati wenzangu wote wako shambani mimi nimekaa nje kwenye kiti, na kiti kingine kitupu karibu yangu, nakunywa maji. Aliogopa nimehama dini. Nikamwambia sijahama. Jumamosi ni ya Mungu wangu. Jumapili ni likizo ya kazini, alinipa bwana wangu, na mpaka leo hajanifuta kazi.